Kabla ya kusema asante, mwambie Mungu kilichokuuma

Kijana mwenzangu, hebu nikuulize kitu kabla hujapitisha kidole uende kwa video inayofuata. Mara ya mwisho ulipokuwa umeumia kabisa, halafu mtu akakupiga bega na kukuambia "Mungu yupo", ulijisikia vipi? Nijibu mimi kwanza: nilitaka kumrushia kiatu.

Hiyo ilikuwa Januari 2025. Nilikuwa nimerudi Voi kutoka Nairobi na begi moja, na deni la Fuliza ambalo kila pesa ikiingia kwa simu linaimeza kabla sijaiona. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa umeisha mwezi wa kumi na moja na ofisini wakasema watanipigia. Hawajapiga. Wiki tisa nilikuwa nalala kwenye kochi la sebuleni nyumbani kwa mamangu, Mwakingali. Naamka saa tano jua limeshachoma mabati, natoka kwenda stendi ya bodaboda, nakaa na vijana wenzangu tukitafuna muguka hadi giza. Ndio, muguka ule ule ambao kaunti yetu, pamoja na Mombasa na Kilifi, ilijaribu kuupiga marufuku Mei 2024 na mambo yakaishia kortini. Mama hakuwa ananisema. Ungemjua mamangu ungeelewa kwamba hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Wengi wenu mnaijua Voi kupitia dirisha la basi au la treni ya SGR, pale mnapochungulia nje mkitumaini kuona ndovu. Sisi wa hapa ndovu si kitu cha kuchungulia. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo, Mashariki na Magharibi, na ndovu hajui mpaka wa mbuga uko wapi. Mahindi yakianza kukomaa, yeye huyanusa kutoka mbali kuliko wewe unavyonusa nyama choma.

Basi asubuhi moja simu ya mama ikalia. Ni jirani ya nyanya kutoka Sagalla: ndovu wameingia usiku.

Nyanya yangu analima ekari mbili chini ya mlima wa Sagalla, kusini mwa mji. Vuli ile mvua ilikuwa ya kusuasua, lakini kunde na pojo zilikuwa zimeshika na mahindi yalikuwa yamebakisha kama siku kumi hivi yavunwe. Nilipofika kwa bodaboda nilimkuta amekaa juu ya debe lililopinduliwa, debe lile lile alilokuwa analipiga usiku kuwafukuza. Shamba lilikuwa limelala chini kama mkeka. Nyayo zimejaa kila mahali, kubwa kama sinia. Nyanya hakuwa analia. Alikuwa anafuta tochi yake kwa ncha ya leso, taratibu, tochi ambayo betri zake zilikuwa zimeisha.

Akina mama wa kanisani walikuwa wameshafika, saba, na mwinjilisti mmoja kijana wa rika langu aliyevaa shati jeupe limepigwa pasi. Huyu kijana sina ubaya naye. Ila alifungua mdomo akasema, "Nyanya, tumshukuru Mungu kwa kila jambo. Mungu ana makusudi yake."

Nyanya akamtazama. Akamwambia, "Makusudi yake nitayajua baadaye, mwanangu. Sasa hivi nina hasira naye. Ngoja kwanza nimwambie."

Akainuka, akavua kandambili, akaomba. Alichanganya Kisagalla na Kiswahili, na sauti haikuwa ya kanisani, ilikuwa ya mtu anayedai haki yake sokoni. Yale niliyoyashika ni haya: Baba, ndovu ni wako, na mimi ni wako. Mbona umewalisha hao ukanisahau mimi? Ulikuwa wapi nilipokuwa napiga debe? Nimezika mume, nimezika watoto wawili, sijakuacha, sasa na mahindi? Iliendelea hivyo muda mrefu. Mwinjilisti akawa anatazama viatu vyake. Mwisho akanyamaza, akapumua, akasema nimemaliza, asante umenisikia. Amina.

Hiyo "asante" ndiyo ya kwanza kuisikia maishani mwangu nikaiamini.

Halafu wale akina mama wakafungua mikoba. Mmoja alikuwa na vibaba viwili vya mahindi, mwingine kunde za mbegu, mwingine majani ya chai na sukari nusu kilo. Wakachukua mapanga wakaanza kukata mabua yaliyokuwa bado mabichi wapewe mbuzi, na kuokota mahindi mazima yaliyobaki chini. Mmoja akanigeukia: "Na wewe kijana, umekuja kutazama?" Nikapewa jembe. Sikuwa nimeshika kitu kizito zaidi ya simu kwa miezi miwili. Mpaka saa saba mchana viganja vilikuwa vimepasuka, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba nilikuwa na njaa ya kweli.

Najua unachofikiria. Ni hadithi nzuri, lakini hiyo ni ujirani tu, Mungu ameingilia wapi? Rafiki yangu mmoja wa stendi aliniambia hivyo hivyo, na aliongeza kwamba kwao wao ni Waislamu na mambo hayo hayo hufanyika. Kweli. Voi ni mji wa adhana na wa kengele, tunazikana na kulishana bila kuulizana dini, na sitaki mtu asome hapa akadhani nasema Wakristo ndio wenye utu. Lakini nilimwambia rafiki yangu jambo moja ambalo hakulijua. Kati ya wale akina mama saba, mmoja alikuwa hazungumzi na nyanya. Miaka mitatu, kesi ya mpaka wa shamba, mambo ya kigingi kilichohamishwa. Huyo ndiye aliyekuja na zile kunde za mbegu.

Kwa nini alikuja? Nilimuuliza tukiwa tunakunywa chai. Akasema Jumapili ile kulikuwa na Meza ya Bwana, na huwezi kwenda mezani mkono wako umekataa kumshika mwenzako. Kama umewahi kuingia kanisa la Kianglikana au la Kikatoliki unajua ile sehemu ya kupeana amani kabla ya Komunyo, ile ambayo sisi vijana huwa tunaitumia kumtafuta fulani wa kwaya tumshike mkono. Huyu mama alikuwa ameipitisha miaka mitatu akigeuka upande mwingine. Jumapili hiyo hakuweza tena. Siku nne baadaye ndovu wakaingia.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, maana kwetu Taita jambo hili la hasira na amani lina mizizi mirefu kuliko kanisa lenyewe. Wazee wetu walikuwa na Wutasi. Mzee aliyekuwa na kinyongo na mtoto wake, ndugu yake au jirani alichukua funda la pombe ya miwa au la maji, akalitema kama manyunyu huku akitamka maneno ya baraka. Hiyo ndiyo kutasa. Waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni inaleta ugonjwa na balaa, hata kama mwenyewe anatabasamu, na kwa hiyo lazima itolewe nje, mbele za watu, ndipo heri irudi. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi na Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kikatoka mwaka 1978. Sisemi turudi kwenye funda la pombe. Nyanya mwenyewe akinisikia atanifukuza na kuni. Lakini nilipomwona amevua kandambili akimwaga yote yaliyokuwa kifuani kabla ya kutamka neno la shukrani, nilijua hakujifunza hivyo kwa mwinjilisti.

Na tena hakukosea Biblia. Fungua Zaburi uone: nyingi sana ni malalamiko, mtu anamuuliza Mungu amelala au vipi. Ayubu amelalamika kurasa kwa kurasa, na mwishoni Mungu anawakasirikia wale marafiki waliokuwa wanamtetea Mungu, si Ayubu aliyekuwa anamlaumu. Yesu mwenyewe pale msalabani hakusema mambo ni shwari. Alipofufuka bado mikono ilikuwa na alama za misumari, na Tomaso akaambiwa aziguse. Sasa sisi tumetoa wapi hii imani ya kupaka rangi juu ya ukuta uliopasuka? Mtu amefiwa, unamwambia asilie. Mtu amefutwa kazi, unamwambia mlango ukifungwa mwingine unafunguka. Wewe umewahi kusimama katikati ya hiyo milango miwili?

Nadhani kwa sehemu tumeitoa kwenye pesa. Kuna mahubiri, na unayajua, ambayo yanakuambia imani yako ipimwe kwa kile ulichopata. Panda mbegu kwa namba hii ya M-Pesa, gari linakuja. Gari lisipokuja, kosa ni lako, hukuamini vizuri. Nilipokuwa Nairobi nilituma mbegu ya elfu mbili kwa mhubiri mmoja wa mtandaoni wiki moja kabla mkataba uishe, na mwenye nyumba nikamwambia sina. Nacheka sasa. Wakati ule sikuwa nacheka.

Na kwa sehemu nyingine tumeogopa. Baada ya Shakahola, nani hataogopa? Aprili 2023, hapo Kilifi, si mbali nasi, miili ilianza kufukuliwa msituni, na ikazidi 400. Watu waliambiwa kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kukutana na Yesu, watoto wakiwemo. Rafiki zangu wengi waliacha kanisa mwaka huo na siwalaumu. Lakini nikikaa nikitafakari, naona tofauti moja kubwa kati ya msitu ule na shamba la nyanya. Imani moja ilimtenga mtu na jirani, na shule, na hospitali, na chakula, ikamwambia usiulize. Nyingine ilimpeleka adui wa miaka mitatu shambani akiwa na mbegu. Ukitaka kujua umeshika ipi, angalia kama unaruhusiwa kukasirika, na kama kuna mtu anakuja na sukari.

Kuna hadithi moja ya Biblia ambayo naona ingesomwa kwenye kila mkutano wa vijana badala ya zile za kuua majitu. Eliya, nabii mkubwa, ametoka kushinda, halafu anatishiwa maisha, anakimbilia jangwani, anakaa chini ya mti wa mretemu na kumwambia Mungu amechoka, afadhali afe. Mretemu ni kichaka cha nchi kame. Mimi humpiga picha Eliya akiwa hapa njia ya Maktau, chini ya mgunga, kivuli chenyewe kama ungo uliotoboka. Malaika anakuja. Hamhubirii. Hamuulizi imani yake imeenda wapi. Anamwamsha, anampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, kisha anamwacha alale tena. Halafu anamwamsha mara ya pili, ale tena. Mambo ya Mungu kusema naye kwa sauti ndogo yalikuja baadaye sana, akiwa ameshashiba na kupumzika.

Nasema hili kwa sababu wengine wenu mnaosoma hapa hamko kwenye hasira tena. Mmepita hasira, mko mahali pa kimya. Mwezi ule ule wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria iliyomfanya mtu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu inakiuka Katiba. Miaka yote mtu alikuwa akinusurika anakutana na polisi kabla ya daktari. Kwa hiyo kama uko mahali hapo, mwambie mtu leo, mmoja tu, na nenda hospitali au kwa mshauri. Na wewe ambaye rafiki yako amekuambia hivyo, tafadhali, "omba tu" si jibu. Mpikie. Kaa naye. Mtafutie daktari na mshike mkono mpaka mlangoni. Malaika alianza na mkate.

Mimi kilichonishika si mahubiri. Ni kwamba wiki iliyofuata yule mama wa mpaka alimpigia mamangu kuuliza, "Yule kijana viganja vimepona?" Fikiria. Jiji zima la Nairobi lilikuwa halijui niko wapi, na kuna mwanamke chini ya Sagalla anaulizia viganja vyangu. Jumapili nilienda kanisani, kusema ukweli, nikamwonyeshe. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, tayari kutoroka. Nikarudi Jumapili iliyofuata. Sikuwa na uhakika naamini nini, na hakuna aliyeniuliza. Niliwekwa kwenye zamu ya kupanga viti, basi. Ukiwa na zamu huwezi kukosa kwenda, watu watakaa wapi?

Usinielewe vibaya, kazi ya ofisi sijapata mpaka leo. Nimepata siku nne kwa wiki kwenye saiba moja mjini, najazia watu fomu za eCitizen na kupiga fotokopi, na Fuliza bado tunapigana naye. Muguka nimepunguza, sijaacha, nisikudanganye. Kuna asubuhi bado naamka na lile jiwe kifuani. Tofauti ni kwamba sasa nalisema, kwanza kwa Mungu, kwa sauti, nikitembea kutoka Mwakingali kabla watu hawajajaa barabarani na malori yanawasha injini, halafu kwa mtu. Siku nyingine hakuna kinachobadilika isipokuwa nimefika kazini nikiwa mwepesi kidogo. Naichukua hiyo.

Na kanisa nalo, tuseme yote, lina deni kwetu. Wazee wa kanisa wanapenda kuuliza vijana wamekwenda wapi. Tuko hapa nje, tunasikiliza nani anapewa kipaza sauti. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipokataa mchango wa Rais William Ruto kwa kanisa la Soweto, vijana wengi niliowajua ambao hawajaingia kanisani tangu Kipaimara waliisambaza habari ile kwa stetasi zao. Hilo likufundishe, mchungaji unayesoma hapa: hatutafuti kanisa lenye skrini kubwa. Tunatafuta mahali ambapo mwenye pesa haongei zaidi ya mwenye shida.

Maana imani haikuja huku kwa raha, na tusiisimulie hivyo. Sagalla ni mahali ambapo mmishonari wa Kianglikana, J. A. Wray, alifika mwaka 1883, na njaa kubwa ilipoingia baada ya hapo watu wakamshuku kwamba ndiye aliyezuia mvua. Nyanya huicheka sana hadithi hiyo, anasema mzungu wa watu alikuja na habari njema mwaka mbaya. Kasigau nako, mwaka 1915 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwahamisha watu kwa nguvu hadi Malindi wakiwashuku kuwasaidia Wajerumani, na wengi walifia huko. Waliobaki walikuja kurudi baada ya miaka mingi. Kanisa la huku limekaa na watu wa aina hiyo, watu wenye kila sababu ya kukasirika, na halikuweza kuwadanganya kwamba mambo yako sawa. Walipofika kwenye "asante" walikuwa wamepitia mengi kwanza.

Watu wa Sagalla hawajakaa kuomba tu, pia. Kuna mashamba huko yamezungushiwa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na ndovu pamoja na ukubwa wote ule anakimbia. Shamba la nyanya halina. Tumeanza kuongea na jirani mwenye mizinga, yule wa kunde, maana ua ukipita kwenye ule mpaka wao uliokuwa na kesi utawafaa wote wawili. Nyanya anasema atafikiria. Mimi naona ameshakubali, anataka tu abembelezwe.

Jumamosi naenda kumsaidia kutayarisha shamba kabla ya mvua. Ameagiza betri za tochi, zile kubwa, nne, na amesema nisilete zile za bei rahisi.